Waya wa USB kwenda siriali wenye chipu ya FTDI, na aizoleta yake (kiboksi cha kutenganisha umeme wa pande mbili): miezi saba kwenye maabara yetu ya maji

Wakuu habari zenu. Hii rivyuu nimeichelewesha makusudi, maana vitu vya maabara ukivisifia wiki ya kwanza unaweza ukajuta wiki ya tatu, sasa miezi saba imepita, waya upo palepale nyuma ya mashine na naweza kusema nilichokiona kwa macho yangu. Naupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nliyoikata ntaieleza huko mbele.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, kazi yetu kubwa ni kupima maji ya visima na ya bomba. Mashine ninayoiongelea ni spektrofotomita, yani mashine ya kupima rangi ya sampuli kwa mwanga, ya siku nyingi kidogo, haina USB kabisa, nyuma ina lile tundu pana la pini tisa la siriali, RS-232. Kompyuta iliyokuja nayo ilishakufa, tukaletewa laptopu mpya ambayo tundu hilo haina, kwa hiyo lazima katikati uweke waya wa kubadilisha USB iwe siriali. Tukanunua wa elfu kumi na mbili kwenye duka moja mjini, tukauchomeka, taa ikawaka, programu ikaiona mashine, tukajua kazi imeisha.

Haikuisha. Tunapima fosfati kwa ile njia ya rangi ya bluu, unaweka kemikali zako, unasubiri rangi ikae, unasoma kwenye nanomita 880. Rangi ile ina muda wake, usisome kabla ya dakika 10 na usipitishe 30. Sasa una sampuli arobaini umezipanga kwenye raki, umefika ya kumi na nne, programu inaganda, chini inaandika mawasiliano na kifaa yamepotea, na laptopu inatoa ule mlio wake wa kushuka kama vile mtu kachomoa flashi. Hamna mtu kagusa kitu. Unafunga programu, inagoma kufunga, unazima laptopu nzima, unawasha, unasubiri Windows iamke, unafungua tena, unaweka sifuri upya na maji safi, ukija kushtuka dakika 30 zimepita na kilichobaki kwenye raki ni cha kumwaga. Kemikali zimeenda, lakini zaidi ni zile sampuli, kuna chupa nyingine mtu kaichota kijijini alfajiri kaileta na bodaboda ndani ya kiboksi cha barafu, na maji yaliyobaki ndani hayatoshi kurudia. Hilo ndo lilikuwa linaniuma, kwa sababu kuna watu kule wanasubiri kuambiwa kisima chao kikoje.

Tukamwita mtu wa sevisi. Alikaa kama robo saa, hakuchomoa waya hata mmoja, akasema bodi ya mawasiliano ndani ya mashine imechoka inatakiwa kubadilishwa, na bei aliyoitaja ilikuwa ya mamilioni. Mkuu wetu wa maabara, mama ambaye kazi hii ameifanya miaka mingi kuliko mimi, akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, kabla sijaandika barua ya kuomba hela yote hiyo, nenda kaanze na kilicho cha bei ndogo." Nikamwambia sawa mama, nipe siku tatu.

Siku ya kwanza nikaupima waya wenyewe. Hiki kipimo nawaomba mkishike maana hakihitaji hela. Unauchomoa waya kwenye mashine, unaacha upande wa USB kwenye kompyuta, unachukua kipande kidogo cha waya au klipu ya karatasi unaunganisha pini ya 2 na pini ya 3 kwenye kile kichwa cha pini tisa. Pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, kwa hiyo chochote kompyuta inachotuma kinarudi kwake yenyewe. Unafungua PuTTY, programu ya kuongea na porti, unachagua siriali, unaweka namba ya COM yako (jina ambalo Windows inaipa porti ya siriali), unaandika herufi. Ukiziona zinarudi kwenye skrini basi waya uko hai, usipoona kitu waya umekufa au umechagua porti siyo. Wa kwetu ulirudisha herufi, lakini nikabonyeza kitufe kimoja bila kuachia, zikawa zinakuja mstari mzima halafu zinakatika, zinakuja, zinakatika, na mara mbili ukaja ule mlio wa kushuka. Mashine ilikuwa haijaunganishwa kabisa. Yani bodi iliyotakiwa kubadilishwa kwa mamilioni haikuwepo hata kwenye mchezo.

Nikachukua multimita, nikaweka pini nyeusi kwenye namba 5 ambayo ndo graundi, nyekundu kwenye namba 3. Porti ya RS-232 ikiwa imekaa kimya inatakiwa itoe voltu hasi, na upande unaopokea unataka angalau voltu 3 hasi ndo ujue kwa uhakika kwamba hiyo ni alama. Waya wetu ulikuwa unatoa mbili na pointi, na ukitikisa kichwa chake inashuka. Mashine ilikuwa inabahatisha kusikia. Hapo ndo nikaelewa kwanini asubuhi inafanya kazi vizuri na mchana inazingua, kitu kikiwa mpakani kabisa kila badiliko dogo linakiangusha.

Sasa tuje kwenye waya nliouagiza. Chipu yake ni FT232R ya FTDI, wale watu wa Glasgow kule Scotland. Ulifika kwa shilingi elfu tisini na kitu pamoja na kusafirisha, urefu mita moja, kichwa cha pini tisa chenye skrubu mbili za kukazia na taa mbili ndogo, moja inawaka ikituma nyingine ikipokea. Zile taa mtu anaweza akaona ni urembo lakini mimi zimeniokolea muda sana, programu ikisema haipati jibu naangalia taa, kama ya kutuma inawaka na ya kupokea haiwaki basi kompyuta inaongea na mashine haijibu, naenda kuangalia setingi za mashine. Zote zikiwa kimya shida ipo kwenye programu au nimechagua COM siyo.

Kipimo kilekile cha multimita, pini 3 kwa 5, ukatoa karibu voltu 6 hasi na haikutikisika hata nilipouzungusha kichwa. Kile cha herufi nikakiacha kinaenda saa nzima kwa skripti fupi ya Python yenye pyserial (nyongeza ya kuongea na porti ya siriali), inatuma mstari, inasoma mstari, inalinganisha, hamna hata mmoja uliopotea.

Kwenye kununua kuwa makini jamani, maana FTDI feki ni nyingi mno. Kuna kisa cha Oktoba 2014 ambacho watu wa vifaa hawajakisahau, kampuni ilitoa draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kuongea na chipu) ikapita kwenye masasisho ya Windows, ikawa inazigundua chipu bandia na kubadilisha namba yao ya utambulisho iwe 0000, kifaa kikawa hakitambuliki tena popote. Watu walipiga kelele sana na ile draiva ikaondolewa, lakini funzo nlilolipata mimi ni kwamba usiruhusu kompyuta inayoendesha mashine isasishe draiva zake yenyewe wakati unapima. Ya kwetu nimeisimamisha, nasasisha mwenyewe siku ambayo hamna sampuli, nikimaliza narudia kipimo cha herufi. Kuiangalia chipu yako nenda Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, fungua waya wako, upande wa maelezo angalia namba za utambulisho, FT232R halisi ina 0403 na 6001. Feki nayo inaweza kuonyesha hizohizo, kwa hiyo kama bei ni elfu kumi usijidanganye.

Kitu kingine ambacho hakisemwi kwenye boksi ila nimekipenda kuliko vyote ni namba ya COM. Kila chipu halisi ya hawa jamaa ina namba yake ya kipekee ndani (serial number), kwa hiyo Windows inaukumbuka waya wenyewe, ukiuchomeka tundu la kushoto au la kulia bado ni COM4. Ule wa zamani haukuwa na namba hiyo, kila mtu akiuhamisha tundu, kwa mfano kapisha mausi au flashi, Windows inadhani ni kitu kipya inakipa COM5, kesho COM7, mpaka tukafika COM12, na programu yetu ya zamani haijui kitu chochote kinachozidi COM9. Mwenzetu mmoja alikuwa anaiondoa programu na kuiweka upya kila Jumatatu na alikuwa anaamini kabisa ndo dawa. Kama we umekwama hapo, kwenye Device Manager fungua porti, nenda kwenye setingi za ndani zaidi, chagua mwenyewe namba ya chini, ikikwambia inatumika wakati unajua hamna kitu kimechomekwa, ikubalie tu, ni kumbukumbu ya waya za zamani.

Hapohapo kwenye setingi za ndani kuna kitu kinaitwa latency timer, kwa kawaida kipo kwenye milisekunde 16. Maana yake waya unasubiri mpaka kifurushi kijae au muda huo uishe ndo ukipeleke kwa kompyuta. Mashine inayotuma majibu mafupi mafupi na programu isiyo na subira, hizo 16 zikijirudia mara nyingi zinafanya programu ione mashine imechelewa. Nimeiweka 2. Kasi ya kusoma ikaongezeka hadi mtu aliyekuwa hajui nimebadilisha kitu akaniuliza.

Halafu ile ya kuokoa umeme. Windows ina tabia ya kulaza porti za USB ikiona kimya, na kwenye kupima rangi kimya ni kingi, unasubiri dakika 10 hamna kinachotumwa, ukija kusoma porti imelala na programu haijui kuiamsha. Nenda Device Manager, kwenye zile USB Root Hub zote, moja moja, toa tiki ya kuruhusu kompyuta izime kifaa hicho, halafu kwenye mpango wa umeme zima ile selective suspend, yani kulaza USB, kwa betri na kwa chaja. Hili ningelijua mapema ningeokoa chupa nyingi sana.

Sasa, pamoja na yote hayo, wiki ya pili na waya mpya ikakatika tena. Nikavunjika moyo kwakweli. Ila safari hii nlikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, saa na dakika na nani alikuwa anafanya nini, na nlipofika mkato wa tano nikaona zote zina kitu kimoja, sentrifuji ya upande wa pili, ile mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, ilikuwa imetoka kuwashwa. Mashine yetu inakula umeme kupitia UPS ukuta wa dirishani, laptopu ilikuwa kwenye ekstensheni kutoka ukuta wa sentrifuji. Nikachomoa waya wa USB, nikapima voltu za AC kati ya bati la mashine na chuma cha tundu la USB la laptopu, zaidi ya 60. Na kweli, ukipitisha mgongo wa mkono kwenye chuma cha laptopu ulikuwa unahisi kama kinakwaruza kwaruza, wote tulikuwa tumezoea tunasema laptopu ina shoti. Hizo voltu zote zilikuwa zinatafuta njia na njia waliyoipata ni graundi ya waya wa USB. Motor kubwa ikiwaka inapiga mshtuko, chipu inapoteza fahamu, Windows inasema kifaa kimeondolewa.

Tukamwita fundi umeme, akafungua soketi za ukuta ule akakuta waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, haujafungwa popote, umekunjwa tu nyuma. Wakuu, hili naomba mlichukulie kwa uzito wake, maana maabara ina maji, ina asidi, ina watu wenye mikono mibichi, na sisi tulikaa hivyo sijui muda gani. Akaufunga, akapima, ndipo nikahamisha na chaja ya laptopu ikae ekstensheni moja na spektrofotomita. Mikato ikapungua mpaka kama mmoja kwa wiki.

Huo mmoja ndo ulinileta kwenye aizoleta. Ni kiboksi kidogo kama kiberiti, upande mmoja USB inaingia kutoka kwenye kompyuta, upande wa pili unachomeka waya wako, ndani yake kuna chipu ya ADuM3160 ambayo inapitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili, hamna graundi inayovuka. Hiyo imetengenezwa kuhimili voltu 2500, ndugu yake ADuM4160 ni 5000. Yangu ina kiswichi pembeni cha kuchagua kasi ndogo au kasi kamili, iweke kasi kamili, la sivyo waya wa FTDI hautaonekana kabisa na utadhani umeuziwa kibovu, mimi nusu nirudishe. Tangu niiweke, miezi mitano na zaidi, nimewasha sentrifuji makusudi katikati ya kusoma, nimewasha na kiyoyozi, hamna mkato.

Lakini aizoleta isikufanye uache kufunga ethi. Inalinda mawasiliano, hailindi mkono wa mtu.

Na ina mipaka yake. Kasi kamili ya USB ni megabiti 12 kwa sekunde, kwa waya wa siriali ni nyingi kupita kiasi, ila kamera ya hadubini inayotaka 480 haitafanya kazi hapo. Umeme inaoutoa nao ni mdogo, kifaa kinachokula zaidi kidogo kinahitaji chaja yake. Dada mmoja wa maabara ya jirani aliazima akaweka kwenye kamera akaniletea akisema imekufa, haijafa, siyo kazi yake tu.

Nyota nliyoikata sasa. Kwanza mita moja ni fupi, na mtu anaongeza na ekstensheni ya USB ya mita tatu kisha anashangaa. Ukitaka umbali, ongeza upande wa siriali, RS-232 kwa kasi ya 9600 inatembea hata mita 15 bila neno, USB mwisho wake ni 5 kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kifaa na kuunga unga kunapunguza. Pili hamna maelekezo kwenye boksi, hamna anayekwambia kwamba mashine nyingine zinataka waya ulionyooka na nyingine uliopishanishwa, 2 kwa 3 na 3 kwa 2. Mizani yetu ilitaka wa kupishanisha, spektrofotomita wa kunyooka, na ukibadilisha hamna kinachoungua ila hamna kinachojibu, unaweza ukazunguka siku nzima. Na setingi zote lazima zifanane pande zote mbili, kasi, biti 8 au 7, pariti, biti ya kusimama. Mizani ilikuwa 7 na pariti (biti ya kukagua makosa) ya shufwa, programu ikawekwa 8 bila pariti, tukawa tunapata herufi za ajabu ajabu badala ya gramu. Ukiona herufi za ajabu furahi, maana waya ni mzima, shida ni setingi.

Kwa ambao mashine zenu ni mpya zina USB moja kwa moja, waya huu hauwahusu, ila aizoleta inaweza kuwahusu kama kifaa ni cha kasi kamili. Kwenu nyie anzeni na waya wenyewe wa USB, kuna waya zinakuja na spika au chaja ambazo ndani hazina zile nyaya mbili za data, zinawasha taa ya kifaa vizuri tu lakini kompyuta haioni kitu. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, siyo kwenye habu isiyo na chaja yake. Na kama draiva yako ni ya biti 32, Windows ya biti 64 haitaikubali hata uilazimishe vipi, tafuta kompyuta ya zamani uiweke iwe ya kazi hiyo tu na usiiunganishe na intaneti.

Programu ikiganda usikimbilie kuzima laptopu kama tulivyokuwa tunafanya. Fungua Task Manager, uwe na uhakika ile programu imekufa kweli, maana porti ya COM inashikwa na mmoja tu kwa wakati, ile iliyoganda ikiwa bado imeing'ang'ania, ukifungua nyingine itakwambia imekataliwa. Iue, chomoa waya, hesabu mpaka kumi, chomeka, fungua. Ni dakika moja, na sampuli zako bado ziko ndani ya muda.

Jumla tumetumia kama laki moja na themanini, waya na aizoleta na fundi umeme. Barua ya mamilioni haikuandikwa. Nimeukaza waya kwa zile skrubu mbili, nimeubandika plasta nyeupe imeandikwa COM4 USICHOMOE, na mama ameagiza mwingine wa pili ukae kabatini. Jana tumesoma fosfati sampuli 40 kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, zote ndani ya muda wake.